Akiba ya Pumzi: Kwa Nini Farasi Anayeongoza Hupitwa Mwishoni

Swali: "Shikamoo mwalimu. Kwa mara ya kwanza nimetazama mbio za farasi kwenye televisheni toka mwanzo hadi mwisho. Kulikuwa na farasi ambaye mpanda wake amevaa kofia nyekundu. Aliwaacha wenzake tangu mlango unafunguka, nikasema huyu keshashinda. Zilipobaki mita 200 akapitwa na watatu. Halafu mtangazaji akasema farasi bora wa siku ile amekuwa wa nne kwa sababu alibebeshwa kilo sita zaidi ya mshindi. Hapo nikachanganyikiwa kabisa, maana mimi nilidhani mwenye kasi kuliko wote ndiye anayeshinda. Hawa farasi wa thorobredi ni farasi gani, wanashindania nini hasa, na mtu anayeanza aangalie nini?"

Marahaba, mwanangu. Nimeishi na farasi wa mbio miaka mingi, kwanza nikiwa saisi wa kusafisha mabanda na kulisha, baadaye mkufunzi, na swali lako ndilo ningependa kila mtazamaji mgeni aanze nalo. Wengi huanza na kuuliza nani atashinda. Wewe umeuliza kwa nini kashindwa, na humo ndimo mchezo wenyewe ulimo.

Tuanze na yule wa kofia nyekundu. Macho yako yalikuambia kwamba wale watatu waliongeza kasi wakampita. Mara nyingi sivyo ilivyo. Ukipima mbio kwa saa, kipande kwa kipande, utakuta katika mita 200 za mwisho karibu farasi wote wameanza kupungua mwendo. Aliyeongoza amepungua sana, na wale wa nyuma wamepungua kidogo. Tofauti hiyo ndiyo jicho linaisoma kama mtu kachomoka. Ukilishika hili, umeshika nusu ya mbio za farasi.

Sababu iko kifuani mwa mnyama. Farasi akiwa katika shoti kamili hupumua mara moja kwa kila mruko, yaani kila kwato zake nne zinapomaliza zamu ya kugonga ardhi. Miguu ya mbele ikitua, matumbo yanasogea mbele yanasukuma mapafu na hewa inatoka. Mwili ukinyooka, yanarudi nyuma na hewa inaingia. Hana hiari hapo. Mruko na pumzi vimefungwa pamoja kama mvukuto wa mhunzi, mara 130 au 140 kwa dakika. Wala hawezi kupumua kwa mdomo kama wewe na mimi, ni pua tu. Ndiyo maana farasi aliyemaliza mbio utamwona matundu ya pua yamepanuka, mekundu kwa ndani. Moyo uliokuwa ukipiga mara 30 hadi 40 kwa dakika akiwa bandani hupanda zaidi ya 220. Wengu wake, ambao ni ghala la chembe nyekundu za damu, hujikamua na kuzimwaga kwenye mishipa ili damu ibebe oksijeni nyingi zaidi. Hakuna mnyama wa kufugwa niliyemwona akitumia mwili wake namna hii.

Na bado haitoshi. Kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa na zaidi, misuli inadai oksijeni kuliko inayoletwa, kwa hiyo inachoma akiba yake ya ndani bila hewa. Akiba hiyo ni ndogo, na ukiichoma mapema hairudi katikati ya mbio. Basi kinachoshindaniwa ni matumizi: nani kagawa akiba yake vizuri zaidi kati ya kizimba cha kuanzia na nguzo ya mwisho. Kasi wote wanayo. Umbali, uzito, hali ya ardhi, kona na nafasi ya kuanzia vyote ni namna mbalimbali za kumtoza farasi akiba hiyo.

Sasa fikiria kofia nyekundu alivyokimbia. Alitoka mbele kwa nguvu. Je, kulikuwa na mwingine ubavuni mwake anayemsukuma? Kama alikuwapo, wale wawili walikuwa wanachomana wao kwa wao huku waliotulia nyuma wakisubiri. Farasi akiwa peke yake mbele na mpanda akafanikiwa kumtuliza apunguze mwendo bila wengine kustuka, mambo hubadilika, maana anaweza kuongoza toka mwanzo hadi mwisho na asishikwe. Kuongoza si kosa. Frankel, farasi wa Uingereza aliyeshinda mbio zake zote 14 kati ya 2010 na 2012, alizitawala mbio za 2,000 Guineas za mwaka 2011 kwa kutoka mbele moja kwa moja, wengine wakabaki wakifuata vumbi lake. Lakini Frankel alikuwa Frankel. Kwa farasi wa kawaida kuongoza kwa kasi ile ni kukopa, na deni hudaiwa mita 200 za mwisho.

Kuna farasi mmoja aliyeivunja kanuni hii mchana kweupe. Mwaka 1973 Secretariat alikimbia Kentucky Derby, mita 2,000 na kidogo, akaanza nyuma kabisa ya kundi. Ukizigawa mbio zake katika robo maili tano, kila robo ilikuwa ya kasi kuliko iliyotangulia: sekunde 25.2, kisha 24, 23.8, 23.4, na ya mwisho 23. Yaani wakati wengine wote walikuwa wanapungua, yeye alikuwa bado anaongeza. Alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 59.4, na rekodi hiyo haijavunjwa. Wiki tano baadaye, katika Belmont Stakes ya maili moja na nusu, akamwacha wa pili kwa urefu wa farasi 31. Nimezitazama picha zile mara nyingi na kila mara nywele zinanisimama.

Uliuliza hawa thorobredi ni farasi gani. Ni uzao mmoja uliotengenezwa Uingereza kwa kazi moja tu, kukimbia na mtu mgongoni. Majike wa huko walipandishwa na madume walioletwa kutoka mashariki kati ya mwisho wa karne ya 17 na katikati ya karne ya 18, na nasaba ya baba ya kila thorobredi aliye hai leo inarudi kwa mmoja wa madume watatu. Byerley Turk alikuwa farasi wa vita wa Kapteni Robert Byerley. Darley Arabian alinunuliwa Aleppo, Syria, na Thomas Darley akapelekwa Uingereza mwaka 1704. Godolphin Arabian alipitia Ufaransa kabla ya kufika kwa tajiri aliyempa jina. Kati ya hao, Darley Arabian ndiye aliyeshika soko, maana takribani farasi 95 kati ya 100 wa leo wanatoka kwake kwa upande wa baba. Sababu kubwa ni kilembwe wake aitwaye Eclipse, aliyezaliwa mwaka 1764 siku jua lilipopatwa, akakimbia mara 18 na hakushindwa hata mara moja.

Mwaka 1791 James Weatherby alianza kuchapisha kitabu cha nasaba cha farasi hawa, na baadaye mlango ukafungwa. Ili aitwe thorobredi na aruhusiwe mbioni, mama na baba yake lazima wawe wameandikwa. Tena lazima awe amepatikana kwa dume mwenyewe kumpanda jike. Kupandikiza mbegu kwa chupa hakukubaliki katika uzao huu, hata kama dume yuko bara jingine. Mnyama mwenyewe ana kimo cha sentimita 160 hivi begani, kilo 450 hadi 540, ngozi nyembamba unayoiona mishipa chini yake, na hasira za haraka. Si farasi wa kumtania.

Jambo moja huwashangaza wengi. Thorobredi wote wa kaskazini mwa dunia wana siku moja ya kuzaliwa, Januari 1. Kwa Australia, New Zealand na Afrika Kusini ni Agosti 1. Mtoto akizaliwa Desemba 31, kesho yake vitabu vinamhesabu ana mwaka mmoja, na atakapofika kushindana atapangwa na wenzake waliomzidi miezi kumi na zaidi. Kwa kuwa jike hubeba mimba miezi kumi na moja hivi, wafugaji hupiga hesabu za kupandisha kwa makini mno ili mtoto adondoke Januari au muda mfupi baadaye. Nimeona watu wanakesha usiku wa mwaka mpya wanamwomba jike ajizuie saa chache tu.

Farasi huanza mbio akiwa na miaka miwili, na mbio kubwa za kihistoria ni za wenye miaka mitatu. Derby ya Epsom, iliyoanza mwaka 1780 na ambayo imezaa jina "Derby" kote duniani, ni ya umri huo. Hata zile tatu za Marekani zinazounda Mataji Matatu (Triple Crown), yaani Kentucky Derby, Preakness na Belmont, ni za miaka mitatu, kwa hiyo kila farasi ana msimu mmoja tu wa kujaribu. Tangu Sir Barton mwaka 1919 hadi Justify mwaka 2018 waliofanikiwa kushinda zote tatu ni 13 tu.

Umbali nao una wenyewe. Kuna farasi wa mita 1,000 hadi 1,200, misuli minene ya mapaja, ambaye mbio zake ni dakika moja na kidogo. Kuna wa mita 1,600, na kuna wa 2,400 na kuendelea, mwembamba, hatua ndefu. Mwaka 2010 watafiti wa Ireland walionyesha kwamba jeni moja inayodhibiti ukuaji wa misuli, ya maiostatini, inatofautiana kati ya farasi wa mbio fupi na wa mbio ndefu. Wakufunzi wa zamani walikuwa wakilisoma jambo hilohilo kwa kumtazama mnyama akitembea. Jeni imesaidia, lakini bado naamini jicho la mtu anayemwona farasi kila alfajiri.

Sasa uzito, maana hapo ndipo ulipochanganyikiwa.

Kila mbio zina sheria yake ya uzito, na uzito unaohesabiwa ni wa mpanda pamoja na tandiko lake. Kabla ya mbio anapanda mizani, na akimaliza anapanda tena mbele ya karani. Akikutwa amepungua, farasi anaweza kunyang'anywa ushindi. Mpanda akiwa mwepesi kuliko uzito uliopangwa, tofauti inajazwa kwa vipande bapa vya madini ya risasi vinavyoingizwa kwenye mifuko ya kitambaa kilicho chini ya tandiko. Hizo ndizo kilo alizozisema mtangazaji.

Kuna mbio ambazo uzito unafuata umri na jinsia tu. Kentucky Derby madume hubeba kilo 57 na majike kilo 55. Katika Prix de l'Arc de Triomphe ya Paris, mita 2,400, dume wa miaka mitatu hubeba kilo 56.5 na mwenye miaka minne na zaidi hubeba 59.5, kwa sababu kijana bado mifupa na misuli yake haijakomaa. Mpango huu wa kulinganisha umri na kilo ulisukwa na Admirali Henry Rous huko Uingereza katika karne ya 19, na msingi wake ungali unatumika. Mbio za namna hii zinatafuta farasi bora, na ndizo unazozikuta mara nyingi kwenye ngazi ya juu kabisa, zile zinazoitwa za kundi la kwanza.

Ulizotazama wewe ni za aina nyingine, za kusawazisha uzito, ambazo wengi huziita hendikapu. Hapa kuna mtaalamu mwenye kazi ya kumpa kila farasi alama kulingana na alivyokimbia huko nyuma, na alama zinageuzwa kilo. Bora anabeba zaidi, dhaifu anabeba kidogo, na ndoto ya mpangaji ni kuona wote wanafika nguzoni kwa mstari mmoja. Kwa maili moja, hesabu ya haraka ya wapangaji ni kwamba karibu kilo moja ni sawa na urefu wa farasi mmoja. Kilo sita basi ni pengo la farasi sita. Kwa hiyo yule aliyekuwa wa nne siku ile, akiwa amezidiwa na mshindi kwa urefu mmoja au miwili tu, alikimbia vizuri kuliko mshindi. Mtangazaji alikuwa anakuambia hivyo.

Ukitaka kuona uzito ukimshinda jabali, msome Phar Lap. Alizaliwa New Zealand mwaka 1926, akahasiwa, akaenda kukimbia Australia na watu wakampenda kama mtoto wao. Mwaka 1930 alishinda Melbourne Cup, mita 3,200 kwa vipimo vya leo, akiwa na zaidi ya kilo 62 mgongoni. Mwaka uliofuata wapangaji wakambebesha kilo 68. Alimaliza wa nane, na mshindi akawa White Nose, aliyebeba uzito mdogo sana kuliko yeye. Haikuwa kwamba Phar Lap amezeeka au amevivia. Miezi michache baadaye alivuka bahari akashinda mbio kubwa Mexico, kisha akafa ghafla California mwaka 1932. Moyo wake umehifadhiwa Canberra hadi leo. Una kilo sita na ushei, wakati wa farasi wa kawaida ni nne hivi. Hata moyo ule haukuweza kulipa deni la kilo 68 kwa maili mbili.

Uzito hai na uzito mfu si kitu kimoja pia, ingawa watu wa mabandani wanabishana sana juu ya hili. Mimi niko upande wa wanaopendelea mpanda mzito kidogo kuliko mpanda mwepesi aliyejazwa risasi, kwa sababu risasi haijui kusogea. Mpanda mzuri hakai kwenye tandiko. Anasimama kwenye vikuku vifupi vya kukanyagia, magoti yamekunjwa, mgongo sambamba na shingo ya farasi, na miguu yake inafanya kazi ya springi. Farasi anapanda na kushuka chini yake, yeye anabaki karibu pale pale hewani. Mmarekani Tod Sloan ndiye aliyeupeleka mkao huu Uingereza mwishoni mwa karne ya 19. Walimcheka kwanza, kisha wakamwiga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulihusisha mkao huo na kupungua kwa muda wa mbio kwa asilimia 5 hadi 7 katika miaka ile ulipoenea. Kwa mbio zinazoamuliwa kwa tofauti ya urefu wa pua au kichwa cha farasi, asilimia tano ni dunia nyingine.

Nafasi ya kukimbilia nayo ni gharama, na hii unaweza kuipiga hesabu mwenyewe. Kona inayogeuza farasi nusu duara humwongezea anayekimbia nje mita 3.14 kwa kila mita moja anayokuwa mbali na uzio wa ndani. Akikaa mita mbili nje, amekimbia zaidi ya mita sita za bure, na urefu wa farasi mmoja ni mita 2.4 tu. Ndiyo sababu namba ya kizimba cha kuanzia inazungumzwa sana, hasa kwenye viwanja vyenye kona kali. Lakini wa ndani naye ana hatari ya kufungiwa, ukuta wa farasi mbele na ubavuni, akiba imejaa na pa kuitumia hakuna. Kumfuata mwenzako kwa nyuma kunakukinga upepo. Kwenye uwanja wa udongo, hata hivyo, kunakulisha mchanga usoni, na wako farasi wasioweza kuvumilia hilo kabisa.

Ardhi pia. Marekani wanakimbia zaidi kwenye udongo, Ulaya kwenye majani, na siku hizi kuna viwanja vya mchanga uliochanganywa na nyuzi na nta. Kwenye udongo mbio huanza kwa kasi kubwa na mwisho ni nani atabaki amesimama. Kwenye majani huanza taratibu na kuamuliwa na mruko wa mwisho. Mvua ikinyesha majani yanalainika na kwato zinazama, na mita 2,000 zinakuwa na uchovu wa 2,400. Farasi wa kwato pana na goti la kunyanyuka hupenda siku hizo. Mwenye mruko wa chini chini, wa kufyeka majani, anataka ardhi kavu.

Niruhusu nikupeleke bandani kidogo, kwa sababu kuna jambo televisheni haitakuonyesha. Chini ya goti la mbele farasi hana msuli hata mmoja. Ni mfupa, kano na ngozi. Katika shoti kila mguu hutua peke yake, na mguu wa mbele unaotua mwisho unaweza kubeba zaidi ya mara mbili ya uzito wa mwili mzima. Kwa hiyo kila alfajiri, kabla ya chakula, mkufunzi anayejua kazi yake huchuchumaa na kupitisha kiganja nyuma ya kila mguu polepole, macho amefumba kama anasoma. Siku moja ya mbio nilimpitishia mkono jike mmoja mwekundu niliyekuwa namtunza, nikahisi joto kwenye kano ya mguu wa kushoto, eneo lisilozidi ukucha wa kidole gumba. Hakuchechemea wala kuvimba. Alinitazama masikio mbele, anataka kula. Nikamtoa mbioni, na mwenye farasi akakasirika sana kwa sababu wageni wake walikuwa wameshafika. Daktari alipopiga picha aliona nyuzi chache za kano zimeachana. Jike alipumzika miezi mingi, akarudi, akashinda tena. Angekimbia siku ile sijui ningemwangalia vipi. Mtu yeyote atakayekuambia farasi wa mbio ni mashine, muulize kama aliwahi kushika ule mguu.

Mguu una jambo jingine utakaloliona ukijua pa kutazama. Katika shoti farasi hutanguliza mguu mmoja wa mbele kuliko mwingine. Akizunguka kona ya kushoto hutanguliza wa kushoto. Akitoka kwenye kona na kuingia mnyoosho wa mwisho, farasi aliyefundishwa hubadilisha, anatanguliza wa kulia ili upande uliochoka upumzike. Tazama polepole, utaona kama anaruka kijito kidogo, kisha anapata nguvu mpya. Asipobadilisha, ujue amechoka au kuna kinachomuuma. Hivi vitu haikuwezekana kuviona vizuri kwa macho hadi zilipokuja picha. Mwaka 1878 Eadweard Muybridge alipanga kamera mfululizo huko California akampiga picha jike wa thorobredi aitwaye Sallie Gardner, na ndipo ikathibitika kwamba kuna wakati kwato zote nne ziko hewani, tena zikiwa zimekusanyika chini ya tumbo. Wachoraji kwa miaka mingi walikuwa wamezichora zimetawanyika mbele na nyuma.

Kuhusu zile sehemu kama 5/2 utakazoziona pembeni ya majina ya farasi, hizo ni odi: ukiweka 2 unapata faida ya 5 na dau lako linarudi. Katika nchi nyingi fedha zote za wachezaji huingia chungu kimoja, mwandaaji anakata chake, kinachobaki wanagawana waliobahatisha. Mfumo huo uliasisiwa na Joseph Oller huko Paris katika miaka ya 1860. Ndiyo maana odi zinabadilika hadi mlango unafunguka. Zinakuambia umati unaamini nini. Farasi mwenyewe hazimjui. Sikushauri uweke fedha. Mbio zina utamu wa kutosha bila hiyo, na kwa kuwa makato yanatolewa kila mara, umati kwa jumla hauwezi kutoka na faida.

Umeuliza uangalie nini. Anza kabla ya mbio, wanapotembezwa kwenye duara. Jasho jepesi shingoni siku ya joto si neno. Povu jeupe katikati ya mapaja ya nyuma, macho yanayoonyesha weupe, mkia unaopigwapigwa, huyo ameshaanza kula akiba yake kabla hajatandikwa. Mtafute anayetembea kwa hatua ndefu, kwato ya nyuma ikikanyaga mbele ya alama ya kwato ya mbele, masikio yanacheza, kichwa kimetulia lakini saisi anahitaji kumshika kwa nguvu kidogo.

Mbio zikianza usimwangalie anayeongoza, kamera itakuonyesha huyo hata usipotaka. Angalia mikono ya wapanda. Mpanda mwenye farasi aliyejaa akiba anakaa kimya, hatamu zimekaza, mikono imetulia shingoni. Aliyeanza kuishiwa utaona mikono inasukuma mbele na nyuma, kisha mabega, mwisho mjeledi. Na hata mwenye akiba asiache kazi mapema. Mwaka 2012 kwenye mbio za Royal Ascot huko Uingereza, Black Caviar, jike wa Australia ambaye hakuwahi kushindwa katika mbio 25, nusura apokonywe moja ya hizo kwa sababu mpanda wake alilegeza mikono kabla ya nguzo. Alishinda kwa kichwa tu, na picha ndiyo iliyothibitisha.

Zile mbio zako, ukizipata tena, zirudie. Simamisha picha wanapoingia kona ya mwisho, kofia nyekundu akiwa bado mbele kwa mbali, na utazame mikono ya mpanda wake. Kisha tafuta mikono ya yule aliyekuja kushinda, huko nyuma kundini, uone inafanya nini wakati ule ule.